Habari za Wino, na Kalamu ya Mwalimu wa Hesabu

Ndugu wanafunzi wa zamani wenzangu, nanyi vijana ambao hivi sasa mnalala katika mabweni tuliyolala sisi, Mhariri ameniomba niandike jambo la historia. Nadhani alitazamia niandike juu ya ujenzi wa bwalo, au ile fainali ya mpira ambayo kila mkutano tunaisimulia upya na kila mara mabao yetu yanaongezeka. Mimi nitaandika juu ya wino. Sababu ninayo, na nimekaa nayo tangu mwaka 1974.

Waliomaliza kabla ya mwaka huo wataikumbuka kalamu ya shule. Ilikuwa Parker 51 nyeusi, yenye kifuniko cha chuma kinachong'aa, iliyotengenezwa Newhaven, Uingereza. Marehemu Mwalimu wetu wa Hesabu aliinunua kwa mshahara wake katika miaka ya 1950, akaiandikia mpaka alipostaafu mwishoni mwa 1964, kisha akaiacha shuleni ili wanaohitimu kila mwaka waitumie kutia sahihi katika Kitabu cha Wahitimu. Ndani ya kisanduku chake aliweka kikaratasi chenye maneno machache: kalamu hii itiwe wino wa buluu unaofulika, wala usitiwe mwingine. Mimi niliishika kwa dakika moja tu mwaka 1967. Mkono ulinitetemeka.

Vijana wataniuliza, kalamu ni kalamu, kulikuwa na nini cha kutetemekea? Hapana budi wajue tulikotoka. Katika shule za msingi tuliandika kwa kalamu ya kuchovya, yaani kijiti chenye nibu ya chuma. Kwenye dawati palikuwa na tundu, na katika tundu kidau cha kaure. Asubuhi kiranja wa wino alikoroga wino wa unga kwa maji, akapita akivijaza vidau. Akizidisha maji, wino unakuwa kama chai ya hospitali. Akipunguza, mashapo yanabaki chini na kila ukichovya unapandisha tope. Nibu ililiwa na kutu kabla muhula haujaisha, nasi tukaitupa na kununua nyingine kwa senti chache. Hakuna aliyelia. Wino wowote waweza kuharibu kitu cha senti chache na usiulizwe.

Kalamu ya Mwalimu ilikuwa na ghala ya wino tumboni, mirija na njia nyembamba zinazouteremsha wino kidogo kidogo, na nibu ya dhahabu. Kitu cha namna hiyo huwezi kukitia chochote unachokikuta chupani. Mambo hayo sikuyajua, ingawa kikaratasi nilikisoma kwa macho yangu.

Watu wa pwani yetu walijua zamani kwamba wino si kitu kimoja. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne ya 18 na ya 19 waliandika misahafu kwa kalamu za mwanzi, na kazi yao ingali inasomeka. Lakini mwalimu yule yule wa chuo aliyeandika kwa wino wa kudumu, akitaka kumfanyia mgonjwa kombe, aliandika kwa zafarani juu ya sahani, maana maandishi hayo yalikusudiwa yaoshwe na kunywewa. Kuna wino wa kubaki na kuna wino wa kuondoka. Naomba msomaji aishike sahani hiyo akilini, nitairudia.

Huko Ulaya, kwa zaidi ya miaka elfu moja, wino uliotegemewa ulikuwa wa vinundu vya mwaloni. Nyigu mdogo hutaga yai katika kichipukizi cha mti, na mti ukaota kinundu kigumu kulizunguka. Vinundu hivyo vina tanini nyingi. Vikisagwa na kulowekwa, vikachanganywa na salfeti ya chuma na gundi kidogo, hutoa maji hafifu ambayo yakikaa juu ya karatasi na kupata hewa hugeuka meusi, na weusi huo maji hayauondoi. Baadaye watengenezaji wakatia rangi ya buluu, ili mwandishi aone anachoandika kabla weusi haujatokea. Hiyo ndiyo asili ya ule wino wa buluu-nyeusi wa siku za wazee wetu. Henry Stephens alianza kuuza wino wa jamii hiyo London mwaka 1832, na ndoa za Uingereza ziliendelea kuandikishwa kwa wino wa vinundu hata katika karne hii ya 21. Kwa kitabu cha kumbukumbu hauna mshindani.

Ila ni tindikali. Nibu ya chuma huila taratibu, na ndiyo iliyokuwa ikizila nibu nyingi za babu zetu. Ndiyo sababu mojawapo kalamu za thamani zikatiwa nibu za dhahabu. Wengi hudhani ilikuwa fahari tu, la hasha, dhahabu haitishwi na tindikali ya wino. Kwa kuwa dhahabu ni laini na karatasi ingeisaga, wakaweka nchani tone la madini magumu ya jamii ya iridiamu.

Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipewa hataza ya kalamu ambayo njia yake ya wino iliruhusu hewa kuingia huku wino ukitoka. Kabla ya hapo kalamu nyingi za ghala zilifanya moja kati ya mawili: kukauka, au kutapika mfukoni. Muda si mrefu, huko Janesville katika jimbo la Wisconsin, mwalimu mmoja wa telegrafu, George Parker, alikuwa akiwauzia wanafunzi wake kalamu za kampuni nyingine ili aongeze kipato. Kalamu zikavuja, wanafunzi wakamrudishia, naye akakesha akizitengeneza mpaka akaona afadhali atengeneze zake. Kampuni yake ilianza mwaka 1888. Napenda kuwakumbusha walimu wetu kwamba hata biashara kubwa ile ilianzia katika malalamiko ya wanafunzi.

Basi kalamu zikapatikana, lakini wino ulikuwa bado ule wa vidau. Wino wa vinundu ukiachwa kukauka ndani ya kalamu huacha vumbi gumu katika njia nyembamba. Ufumbuzi ulitoka mbali. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, akitafuta dawa ya kwinini, alipata kwa bahati rangi ya zambarau kutoka katika lami ya makaa ya mawe. Kutokana na rangi za namna hiyo ukazaliwa wino mpya: maji na rangi iliyoyeyuka kabisa, bila chembe yoyote ya kuganda. Sheaffer walitoa wino wao wa Skrip mwaka 1922, na Parker wakatoa Quink mwaka 1931. Wino wa buluu unaofulika ni mtoto wa ukoo huu. Ukimwagikia shati, mama anaufua. Ukikauka ndani ya kalamu, maji matupu yanaufungua. Na mvua ikiingia, mnajua nitakalosema.

Msidhani lakini kwamba jina la mtengenezaji juu ya chupa ni kinga. Parker 51 ilitolewa kwa Marekani nzima mwaka 1941, ikiitwa hivyo kwa sababu mwaka 1939, ilipokamilishwa, kampuni ilikuwa na miaka 51. Nibu yake imefunikwa karibu yote, kwa kuwa ilikusudiwa kutumia wino wa ajabu unaokauka mara tu unapogusa karatasi. Wino huo ulikuwa na alkali kali. Hata mwili wa kalamu ulitengenezwa kwa plastiki ya Lucite iliyoweza kuustahimili, na chupa yenyewe ilibeba onyo kwamba usitiwe katika kalamu nyingine isipokuwa 51. Mwaka 1947 ukafuatwa na mwingine ulioitwa Superchrome, wenye rangi za kupendeza na tabia zile zile. Wanaotengeneza kalamu za zamani mpaka leo hulitaja jina hilo kwa kukunja uso. Hivi sasa wino wa namna hiyo hautengenezwi, lakini chupa zake za kale bado zinapatikana katika minada na makabati ya wazee. Ukiiona, ipambe mezani, usiifungue.

Sasa nifike kwenye yangu.

Masika ya mwaka 1972 paa la ofisi ya shule lilivuja usiku, na maji yakaingia katika sanduku la kumbukumbu. Kitabu cha Wahitimu kilipofunguliwa, kurasa za miaka ya mwanzo, zilizoandikwa kwa buluu-nyeusi na kalamu za kuchovya, zilikuwa na madoa lakini kila jina lilisomeka. Kuanzia 1965 hadi 1971, miaka ya kalamu ya Mwalimu, kulibaki mawingu ya buluu. Majina ya miaka saba. Langu lilikuwamo.

Wakati huo nilikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya serikali. Kazi yetu tuliifanya kwa ule wino mweusi ambao Waingereza huuita wa Kihindi, ingawa asili yake ni China: masizi laini yaliyochanganywa na utomvu wa sheleki. Ukikauka juu ya karatasi ya ramani unaweza kuusugua kwa maji hadi karatasi itoboke. Tulipokutana mwaka 1974, nami nikiwa katika kamati, ilikubaliwa kwamba waliopotelewa na majina watie sahihi upya. Nikajiona nina busara kuliko Mwalimu. Nilikuja na chupa kutoka kazini, nikaimwaga buluu, nikaijaza kalamu wino mweusi wa kuchorea. Iliandika vizuri ajabu. Watu walipanga mstari, wakatia sahihi, wakasifu weusi wake. Jioni niliifunga kifuniko, nikairudisha kisandukuni bila hata kuisuuza, nikawahi basi.

Naeleza kilichotokea humo ndani, maana ndiyo elimu yenyewe. Chini ya kile kifuniko cha nibu, Parker 51 ina kipande chenye mapezi mengi membamba sana, kama matamvua ya samaki, yanayodaka wino unaozidi ili usidondoke. Masizi hayayeyuki, huelea tu katika maji. Maji yakikauka, masizi hubaki baina ya mapezi, na sheleki huyagandisha kama saruji. Kwa wino wa buluu, kalamu iliyokauka ni kalamu yenye kiu. Kwa wino ule, imezikwa.

Novemba kaka mkuu aliitoa kwa ajili ya mahafali. Haikuandika. Akaitikisa, akaigonga kidogo juu ya meza mbele ya watu, na hapo ushahidi ukawa umekamilika: ndiye aliyeishika mwisho, na wote walimwona akiigonga. Alivuliwa cheo zikiwa zimebaki wiki mbili amalize, na katika barua yake ya tabia ikaandikwa kwamba ni mzembe kwa mali ya shule. Nilipata habari hizo kwa barua ya katibu, Januari 1975. Nilizielewa papo hapo. Nikaikunja barua, nikaiweka ndani ya meza, wala sikujibu.

Kalamu ilikaa kabatini zaidi ya miaka arobaini. Miaka miwili iliyopita nilimwomba Mkuu wa Shule aniazime, nikaipeleka kwa fundi saa mmoja Dar es Salaam ambaye alikuwa hajawahi kufungua kalamu lakini ana mikono isiyo na haraka. Tulipasha ile sehemu ya mbele joto kavu, kidogo kidogo, mpaka gundi ya zamani ikalegea na ikafunguka kwa kuzungushwa. Spiriti hatukuitumia, kwa kuwa plastiki ya Lucite hupasuka nyufa ikiguswa na spiriti. Wala maji ya moto. Tulitumia maji ya mvua yenye amonia kidogo na tone la sabuni ya vyombo, kwa sababu amonia hulegeza sheleki. Tuliyabadilisha asubuhi na jioni, na kati ya pezi na pezi tukapitisha brashi laini. Siku tisa maji yalitoka meusi. Siku ya kumi na moja yalitoka meupe. Tumbo la plastiki la kunyonyea wino tulilikuta bado laini, wala halikutaka kubadilishwa. Waliolitengeneza walikuwa mafundi.

Wengi wenu mna kalamu za namna hii, za baba au za zawadi, nami nimeulizwa mara nyingi zitiwe wino gani. Jibu langu ni lile la kikaratasi. Wino wa buluu unaofulika, wa kampuni inayojulikana kwa kalamu, kama vile Pelikan au Waterman, ndio salama kuliko wote. Kwa wino usioujua, fanya jaribio la sahani. Weka tone juu ya sahani nyeupe, lieneze, uliache mpaka kesho, kisha uliweke chini ya bomba. Likiondoka lenyewe kama kombe, litaondoka na kalamuni. Likihitaji kusuguliwa, jiulize ni nani atakayesugua ndani ya mrija mwembamba kuliko unywele. Jaribio hili halikuonyeshi tindikali wala alkali, lakini lingeniokoa mimi.

Wino wa kuchorea, wa mihuri na wa mashine za kuchapisha usiingie kabisa. Siku hizi kuna wino mzuri wenye chembe zilizosagwa mno, uliotengenezwa hasa kwa kalamu za ghala, na mwingine wenye vumbi la kumetameta. Ziweke katika kalamu za bei nafuu zinazofunguka zote. Wino wa vinundu unaouzwa leo kwa kalamu ni mpole kuliko wa zamani, na mwenye nibu ya dhahabu anaweza kuutumia mradi aisuuze kalamu kila wiki mbili na asiiache ikauke. Zile rangi kali za kung'aa, hasa zenye alkali, hutia madoa yasiyotoka katika kalamu za seluloidi, na kalamu za zamani zenye mfuko wa mpira zisitiwe wino kama huo. Wino wa aina mbili usiuchanganye. Wenye tindikali na wenye alkali hukutana wakaacha matope. Chupa yenye utando unaoelea juu, mwaga. Na kwa wenye kalamu za ebonaiti, za kabla ya vita, maji ya moto na jua huzigeuza rangi ya tope la kahawia. Wengi wamelia kwa hilo.

Tena, katika joto letu la pwani maji ya wino hukauka upesi hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Kalamu isiyotumika kwa mwezi mzima imwagwe, isuuzwe, ilazwe tupu. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, tumia ya mvua.

Kilichonishughulisha zaidi ni Kitabu. Mwalimu alikuwa na haki kuhusu kalamu, nami nilikuwa na haki kuhusu majina, na kila mmoja wetu aliharibu kimoja. Kamati imekata hivi: kuanzia mkutano huu Kitabu cha Wahitimu kitatiwa sahihi kwa kalamu ya kuchovya na wino wa vinundu, kama ilivyokuwa kabla ya 1965. Nibu ikiliwa, tutanunua nyingine. Kalamu ya Mwalimu itatiwa buluu inayofulika, nayo itaandika barua na vyeti vya zawadi.

Mwaka jana nilimwendea yule aliyekuwa kaka mkuu, nyumbani kwake. Ni babu sasa. Nilimweleza yote, kuanzia chupa hadi barua niliyoikunja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kaka, hukuona hata ya kuniandikia?" Sikuwa na jibu, na sijalipata. Kisha akaniomba kalamu. Aliandika jina lake mara mbili nyuma ya bahasha, akasema nibu bado inakwaruza kidogo ukiivuta kushoto, kama zamani.

Mkuu wa Shule wa sasa amemwandikia barua ya kufuta yale maneno ya uzembe, kwa kalamu ile ile na wino wa buluu. Mimi niliomba itolewe nakala kwa mashine kabla haijapelekwa, maana masika yalikuwa karibu.

Majina ya 1965 hadi 1971 tunaendelea kuyakusanya. Sahihi za 1974 zipo, nyeusi kama siku ile, lakini ni za waliofika tu. Wengine hawakufika, na baadhi yao wamekwisha fariki. Yeyote anayemkumbuka mwenzake wa miaka hiyo na amwandikie katibu jina lake kamili, na la baba yake, kwa kalamu yoyote aliyo nayo.